Siena, Maremma au Puglia: kuchagua njia ya baiskeli ya changarawe nchini Italia kwa kuanzia na udongo

Anayetafuta njia ya kuendesha baiskeli ya changarawe, yaani ile ya tairi pana kiasi kwa barabara zisizo na lami, nchini Italia huanza, kama nilivyoanza mimi, kwa kutazama picha, na picha karibu zote humwonyesha kitu kilekile: barabara nyeupe inayopinda kati ya misaipresi, kilima cha ngano na jua la jioni. Picha hazisemi barabara hiyo imejengwa juu ya udongo gani, wala hazisemi udongo huo hugeuka nini mvua ikinyesha saa mbili. Baada ya kuzipita njia hizi katika misimu tofauti, mara nyingine kwa furaha na mara nyingine nikiibeba baiskeli begani, nimeshawishika kwamba swali la kwanza ni udongo, la pili ni mwezi wa safari, na mandhari yanakuja nyuma ya hayo mawili. Nchi ni nzuri kila upande, kwa hiyo uzuri haumsaidii mtu kuchagua.

Njia ninazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni mzunguko wa kudumu wa L'Eroica, uliotokana na tamasha la baiskeli za zamani, katika vilima vya Siena, wenye urefu wa kilomita 209, unaoanzia na kuishia katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti. Ya pili ni Maremma, ukanda wa kusini wa pwani ya Toscana, ambako hakuna mzunguko mmoja rasmi bali mtu hujipangia safari za siku moja moja kati ya Follonica, Castiglione della Pescaia, Massa Marittima na hifadhi ya Alberese. Ya tatu iko kwenye kisigino cha Italia, mkoani Puglia, ambako njia ya huduma ya mfereji mkuu wa maji hupita katika Valle d'Itria na kumwezesha mwendesha baiskeli kushuka hadi bahari ya Adriatiki kupitia mashamba ya mizeituni.

Udongo ulio chini ya tairi

Kusini mashariki ya mji wa Siena kuna eneo linaloitwa Crete Senesi, na jina lenyewe ni onyo, kwa kuwa neno la Kiitalia «creta» maana yake ni udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ni matope ya bahari iliyolifunika eneo hilo mamilioni ya miaka iliyopita, katika enzi ya Pliosini. Bahari ilipojitoa, iliacha vilima vya rangi ya kijivu, vingine vikiwa vipara kabisa, ambavyo wenyeji huviita «biancane». Juu ya udongo huo barabara za mashambani hutandazwa kokoto nyeupe, ndiyo maana huitwa «strade bianche», yaani barabara nyeupe, na ndilo jina la mashindano ya waendesha baiskeli wa kulipwa yaliyoanza 2007, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi Machi na kumalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena.

Zikiwa kavu, barabara hizi zina kasi ya ajabu. Kokoto zimeshindiliwa na magurudumu ya matrekta hadi katikati ya njia panabaki mistari miwili laini kama sakafu, na kosa pekee ni kuuacha mstari wako ghafla penye kona, ambapo kokoto zilizolegea hujikusanya pembeni. Vumbi lake ni jepesi kama unga wa sembe na huingia kila mahali, hata ndani ya mfuko uliofungwa zipu.

Zikilowa, habari ni nyingine. Tarehe 15 Mei 2010 mashindano ya Giro d'Italia, yale makubwa ya kuizunguka Italia kwa baiskeli, yalipitishwa katika barabara hizi kuelekea Montalcino wakati mvua ikinyesha, na waendesha baiskeli bora wa dunia walifika juu wakiwa na rangi moja ya tope, bila kujali jezi waliyoanza nayo asubuhi. Cadel Evans wa Australia ndiye aliyeshinda siku hiyo. Mimi si Cadel Evans. Niliingia kipande cha Monte Sante Marie, karibu na Asciano, kilomita 11.5 za changarawe zinazohesabiwa kuwa ngumu kuliko zote katika mashindano ya Strade Bianche, asubuhi iliyofuata usiku wa mvua. Kilomita ya kwanza nilidhani mnyororo una tatizo. Ya pili gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka kabisa, kwa sababu mfinyanzi uliochanganyika na kokoto ulikuwa umejaa kati ya tairi na uma hadi pasipite hata kidole. Nilikwangua kwa kijiti, nikaenda hatua ishirini, nikakwangua tena. Yeyote aliyewahi kunaswa katika udongo mweusi wa mbuga huko Shinyanga, au katika nyanda za Kano wakati wa masika, anaijua hali hii bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba huku udongo ni wa kijivu na mkulima anayekutazama kutoka kwenye trekta hasemi «pole».

Hata hivyo si haki kuuhukumu mzunguko mzima kwa udongo wa Crete. Upande wa kaskazini, kati ya Gaiole, Radda na Vagliagli, ardhi ya Chianti ni ya mawe yanayomeguka, na maji hupita ndani yake badala ya kukaa juu, kwa hiyo siku moja baada ya mvua njia hupitika. Mtu aliyefika Siena akakuta mbingu imevunjika anaweza kubaki kaskazini siku mbili, kisha akashuka Asciano na Montalcino udongo ukishakauka. Hilo linahitaji ratiba yenye nafasi, na kwa uzoefu wangu ratiba ya mgeni aliyetoka mbali haina nafasi.

Maremma inakwenda kinyume na Siena karibu katika kila jambo la udongo. Ukanda wa bahari ni mchanga uliofunikwa na sindano za misonobari, na mchanga mkavu wa Agosti humeza tairi nyembamba hadi rimu, ilhali mchanga uliopigwa na mvua hushikana ukawa mgumu na wa kupendeza kuendeshea. Ukiingia bara kuelekea vilima vya Colline Metallifere, ambavyo jina lake linatokana na machimbo ya madini ya tangu zama za Waetruski, watu waliokaa huko kabla ya Warumi, unakuta barabara pana za msituni zenye udongo mwekundu na mawe madogo. Katika eneo la Bandite di Scarlino, kati ya Follonica na Punta Ala, barabara hizo zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba mtu anayejifunza anaweza kuzipita bila hofu.

Puglia ndiyo rahisi kuliko zote kwa kipimo hiki, na sababu ni chokaa. Uwanda wa Murge wote ni jiwe la chokaa lililotobokatoboka, na mvua inayonyesha hapo hupotea ardhini upesi kiasi kwamba uwanda huo hauna mto wa maana. Nimewahi kujikinga na radi chini ya mlango wa ghala, nusu saa baadaye nikaendelea katika njia iliyokuwa na unyevu tu. Ubaya wa chokaa ni makali yake: jiwe jeupe lililochongoka hukata ubavu wa tairi, na mkato wa ubavuni hauzibwi na gundi iliyomo ndani ya tairi zisizotumia tyubu. Kwa hiyo anayekwenda Puglia abebe kipande cha kiraka kigumu cha kuweka kwa ndani, na asijidanganye kwamba njia tambarare haina pancha.

Kupanda, na namna ya kuchoka

Ramani ya Siena humdanganya mtu wa Afrika Mashariki aliyezoea kuona milima yenye majina. Montalcino, mojawapo ya vituo vya juu katika mzunguko huo, ina mita 564 tu juu ya usawa wa bahari, na anayetoka Iringa au Nyeri anaweza kucheka. Lakini mzunguko wa kilomita 209 humpandisha mtu jumla ya zaidi ya mita 3,500, kwa sababu hakuna mahali pa tambarare: kila kilima unachokipanda unakirudisha chote kabla ya kuanza kingine. Vipande vya kupanda ni vifupi na vikali. Kile cha Le Tolfe, nje kidogo ya Siena, hufikia mwinuko wa asilimia 18 juu ya changarawe, na mtaa wa Santa Caterina unaoingia mjini hufikia asilimia 16 juu ya mawe ya sakafu. Katika mwinuko wa namna hiyo juu ya kokoto, ukisimama kwenye pedali gurudumu la nyuma huteleza, na ukikaa gurudumu la mbele huinuka. Panatakiwa uzito uwe katikati na gia iwe ndogo. Ushauri wangu ni kwamba gia ya mwisho ya nyuma iwe na meno mengi kama ya mbele au zaidi. Asiye na gia hiyo atembee bila aibu.

Mzunguko huu haukubuniwa kwa ajili ya baiskeli za changarawe. Ulizaliwa na tamasha la L'Eroica, lililoanza mwaka 1997 Gaiole kwa nia ya kuziokoa barabara nyeupe zisitiwe lami, na ambalo hadi leo huwataka washiriki kutumia baiskeli za zamani zilizotengenezwa kabla ya 1987. Jambo hilo lina faida kwa mgeni: njia imewekewa alama za kudumu za rangi ya kahawia, inapitika mwaka mzima bila kujiandikisha tamashani, na simu ikizima bado unaweza kufika. Watu wenye nguvu huimaliza kwa siku moja. Mimi naona ni kuipoteza. Siku nne zinatosha, tatu zinabana.

Puglia kwa upande huu ni dunia nyingine, na maelezo yake yamo katika kazi ya uhandisi. Mfereji mkuu wa maji wa Puglia, uliochimbwa kuanzia 1906, huchukua maji ya chemchemi za mto Sele huko Caposele, upande wa pili wa milima ya Apenini, na kuyapeleka katika mkoa uliokuwa na kiu. Yalifika Bari mwaka 1915. Maji hayo husafiri kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo mfereji ulilazimika kushuka kidogo kidogo mno, ukifuata kimo kilekile kando ya vilima na kuvuka mabonde kwa madaraja madogo ya matao. Njia ya huduma iliyo juu yake ilirithi tabia hiyo. Ukiwa kati ya Cisternino na Ceglie Messapica unaendesha kwa kilomita nyingi bila kubadilisha gia zaidi ya mara moja au mbili, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zikiwa kushoto na kulia, na paa za trulli, zile nyumba za mviringo zenye kofia ya mawe, zikichungulia kati ya mialoni. Mpango wa muda mrefu ni kuiunganisha njia yote kutoka Caposele hadi Santa Maria di Leuca, takriban kilomita 500, lakini vipande vilivyokamilika ni vichache, na cha Valle d'Itria ndicho kinachostahili safari.

Kinachochosha Puglia ni kurudi. Martina Franca iko mita 431 juu ya bahari na Ostuni, mji uliopakwa chokaa nyeupe, uko zaidi ya mita 200. Asubuhi unashuka ukiimba hadi pwani, na alasiri, jua likiwa usoni, unapanda ukingo wa uwanda kurudi ulikolala. Ni kupanda kumoja tu, na hakuzidi saa moja kwa mtu wa kawaida.

Maremma humpa mtu hiari ambayo nyingine mbili hazimpi. Ukanda wa Grosseto ni tambarare kabisa, kwa kuwa ulikuwa kinamasi kilichokaushwa kwa mifereji. Siku unayotaka kupanda unageuza usukani kuelekea Massa Marittima, mita 380 juu, au Vetulonia, na siku unayotaka kupumzika unabaki chini. Kwa kundi la watu wasiolingana nguvu, mathalani mume na mke ambao mmoja anafanya mazoezi na mwingine hafanyi, hiki ndicho kigezo ningekipa uzito kuliko vyote.

Bahari, na kile usichokiona pichani

Anayetaka bahari aondoe Siena mara moja, kwa kuwa hakuna kipande cha mzunguko huo kinachoiona. Bahari yake, kama nilivyosema, ni ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Pwani ya Maremma ni ya misonobari, minara ya zamani ya ulinzi na fukwe ambazo hazina hoteli, kwa sababu sehemu kubwa iko ndani ya hifadhi ya mkoa iliyoanzishwa 1975. Ng'ombe wa kienyeji wa kijivu wenye pembe ndefu, wanaofanana kwa mbali na Ankole wa Uganda na Rwanda ingawa si ndugu, huchungwa na wapanda farasi waitwao «butteri» katika malisho ya Alberese. Karibu na Punta Ala kuna ufuo wa Cala Violina, ambao umepewa jina hilo kwa sababu mchanga wake wa quartz hulia chini ya nyayo. Wakati wa kiangazi idadi ya wageni huwekewa kikomo na nafasi huhifadhiwa mapema. Kinachonigusa zaidi ni historia ambayo sisi hatuhitaji kufasiriwa: Maremma iliogopwa kwa karne nyingi kwa sababu ya malaria, vibarua wa mavuno walishuka kutoka milimani na wengi hawakurudi, na ile nyumba nyekundu iliyo kwenye kinamasi cha Diaccia Botrona, nje ya Castiglione della Pescaia, ni ya karne ya 18 na ilijengwa kwa ajili ya kudhibiti maji ya kinamasi hicho. Leo ni mahali pa kutazama heroe na pa kupata kivuli. Mbu wapo bado, ila hawana malaria.

Puglia ina bahari iliyo wazi zaidi na yenye watu zaidi. Nyuma ya matuta ya mchanga kati ya Torre Canne na Ostuni kuna hifadhi ya pwani ambayo njia zake za changarawe hupita katikati ya mizeituni mikubwa ajabu, mingine ikiwa na shina ambalo watu watatu wakishikana mikono hawalizunguki. Mbele kidogo, kuelekea Brindisi, ipo hifadhi ya bahari ya Torre Guaceto. Wengi hushawishika kuendelea kusini hadi Leuca ili waseme wamefika ncha ya kisigino. Kwa mwenye wiki moja nashauri asiendelee. Mwaka 2013 bakteria aitwaye Xylella fastidiosa aligunduliwa karibu na Gallipoli, na tangu hapo mizeituni ya Salento, sehemu ya kusini ya Puglia, imekauka kwa mamilioni. Unaweza kuendesha saa nzima kati ya vigogo vya kijivu visivyo na jani. Ni jambo la kuliona kama unataka kuielewa nchi, ila si mapumziko.

Maji ya kunywa na mwezi wa kwenda

Kuna kejeli moja Puglia ambayo kila mgeni huigundua kwa koo lake: unaendesha juu ya mto mzima uliofungiwa ndani ya bomba, na chupa yako ni tupu. Mabomba ya chuma ya umma yapo katika viwanja vya miji, mazuri na ya bure, lakini kati ya mji na mji hayapo, na kuta za mawe hazina kivuli saa sita mchana. Lita mbili ni lazima kuanzia Mei. Siena ina tatizo hilohilo kati ya Asciano na Castelnuovo Berardenga, ambako nyumba zimesimama juu ya vilima mbali na barabara. Maremma ina nafuu ya misonobari.

Julai na Agosti nisingezipendekeza popote, isipokuwa kwa mtu awezaye kuanza saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa nne asubuhi. Joto hupita nyuzi 35, na katika hifadhi ya Maremma baadhi ya njia hufungwa au huruhusiwa kwa masharti kwa kuhofia moto. Siena iendewe kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au Septemba. Anayetaka vilima vya kijani kama pichani ajue kwamba hivyo ni vya Aprili na Mei. Juni ngano ni ya dhahabu, na Agosti ardhi imelimwa, imebaki mabonge makavu ya rangi ya majivu ambayo mimi huyapenda, ingawa wengi huyaona kama jangwa. Puglia ina msimu mrefu kuliko wenzake, kuanzia Machi, na Oktoba yake ni tamu kwa sababu bahari bado ina joto. Maremma ni nzuri Mei na tena Septemba. Novemba vilima vyake vimejaa wawindaji wa nguruwe mwitu, na baiskeli msituni siku ya uwindaji si busara.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anayehitaji viza ya Schengen akumbuke kwamba maombi hupokewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na kwamba miadi ya Mei huwahiwa na watu wengi. Aamue mwezi kwanza, ndipo aombe.

Kufika, kulala na kula

Kwa usafiri Maremma inashinda, kwa sababu reli ya Pisa hadi Roma inapita kandokando ya pwani na kusimama Follonica na Grosseto. Siena hufikiwa kwa treni ya mkoa kutoka Firenze, lakini Gaiole haina reli. Mtu anaweza kuuingilia mzunguko akitokea Siena yenyewe, jambo ambalo nalipendelea kwa kuwa jioni ya mwisho unaimalizia mjini. Kwa Puglia kuna viwanja vya ndege vya Bari na Brindisi, na treni ndogo za ndani hufika Martina Franca, ingawa Jumapili ratiba hupungua sana. Treni za mikoa huchukua baiskeli nzima penye alama ya baiskeli mlangoni. Zile za kasi hutaka iwe imefunguliwa na kutiwa mfukoni.

Wanaokodi wasikubali neno la simu. Duka moja liliniahidi baiskeli ya changarawe, nikafika nikakuta tairi laini za milimita 32, nzuri kwa lami, na ndizo zilizonipeleka Monte Sante Marie. Uliza upana wa tairi kwa namba. Milimita 40 zenye meno madogo zinatosha Siena na Puglia. Kwa mchanga wa Maremma 45 ni bora, na upepo upunguzwe kidogo.

Malazi ya mashambani yapo kote, ghali zaidi Chianti na Val d'Orcia, nafuu zaidi bara la Maremma. Jikoni zina desturi moja ambayo humtesa mwendesha baiskeli: maduka ya vijijini hufungwa mchana na migahawa haifungui kabla ya saa moja na nusu usiku, ilhali njaa huja saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nunua mkate na jibini asubuhi. Kwa Waislamu na kwa wasiokula nguruwe, Toscana inahitaji uangalifu, kwani nguruwe mwitu humo ndiye mwenye meza na mchuzi wake huingia hata kwenye tambi. Omba «ribollita», mchuzi mzito wa mboga, maharage na mkate, na uulize kama hakuna nyama ndani. Puglia ni rahisi mno: «fave e cicoria», maharage ya fava yaliyopondwa yakitandikwa mboga chungu na mafuta ya zeituni, ni chakula ambacho mtu wa Lamu au Tanga angekielewa kwa kijiko cha kwanza, na samaki yupo kila mahali.

Njia ya nne kwa wachache

Nimeulizwa kwa nini sikuiweka Via del Sale, ile barabara ya zamani ya kijeshi inayotoka Limone Piemonte na kupita juu ya milima ya mpakani na Ufaransa hadi Monesi, takriban kilomita 39 za mawe kwa kimo kinachofikia mita 2,000 na zaidi, na ambayo baadaye humshusha mtu hadi pwani ya Liguria. Ni barabara ya ajabu. Lakini theluji huifunga hadi karibu Juni, radi za alasiri huko juu si mchezo, na mteremko wake wa mawe unataka mtu anayeijua breki yake. Si mahali pa kulinganisha na vilima vya mizabibu. Ni safari ya mlima inayomalizikia baharini.

Nani aende wapi

Kwa anayeigusa changarawe kwa mara ya kwanza, jibu langu ni Puglia, Aprili au Oktoba, makazi yakiwa Cisternino au Martina Franca na mizunguko ya kilomita 50 hadi 70. Kwa familia au kundi lenye nguvu tofauti, Maremma mwezi Mei, kwa kulala Castiglione della Pescaia siku za mwanzo na Massa Marittima siku za mwisho. Kwa mwenye miguu iliyozoea kupanda na siku mbili za akiba, Siena, na hiyo ndiyo ninayorudi mimi mwenyewe licha ya kijiti cha kukwangulia tope, kwa sababu siku tatu kavu za Mei kati ya Buonconvento na Asciano sijapata cha kuzilinganisha nacho popote.

Ila anayechagua Siena ampigie simu mwenye nyumba ya wageni usiku wa kuamkia siku ya Crete, na swali liwe moja: hapo kwenu imenyesha? Akijibu kwamba ni manyunyu tu, geuza baiskeli uelekee Radda.